Wanajukwaa, mashine gani ya gemu inafaa nyumba ya watoto wanne? Niko Arua

#1 BabaWanne_Arua
Salaam wakubwa kwa wadogo. Nina watoto wanne, wa kwanza S.3 (sekondari, mwaka wa tatu), wa mwisho P.2 (msingi, darasa la pili). Watatu wako bweni na wanafunga shule wiki mbili zijazo. Likizo iliyopita vijana wawili walihamia kibanda cha gemu kule karibu na stendi, mia tano kwa mechi. Nilipokaa kupiga hesabu nikakuta nyumba yangu imemchangia mwenye kibanda zaidi ya laki moja, ukiacha kuku mmoja aliyepotea ambaye mpaka leo sijamshitaki mtu.

Mama yao kakata shauri: wacheze sebuleni, tuwaone. Nimetenga milioni moja na nusu, nikijibana sana naongeza laki mbili. TV ipo, inchi 21. Umeme siku hizi upo, lakini mnaujua wenyewe. Kijana mkubwa anataka PS5 (PlayStation 5) na hasikii lingine. Binti wa P.6 hapendi mpira kabisa. Mdogo anataka chochote chenye gari. Mimi mara ya mwisho kushika gemu zilikuwa zile za kaseti za njano. Nisaidieni.

#2 Dogo_Bweyo
PS5. Uzi ufungwe.

#3 MamaKadi_Jinja
Ufungwe na nani? Mzee kasema binti hapendi mpira na mdogo anataka magari. Hiyo ni Switch, mashine ya Nintendo. Ukifungua boksi unakuta pedi mbili ndogo, zile Joy-Con, kila mtoto anashika yake na mchezo unaanza siku hiyo hiyo. PS5 inakuja na pedi moja. Moja! Kwa watoto wanne huo si mchezo tena, ni kesi ya ardhi.

Mario Kart 8 Deluxe inachezwa na watu wanne kwenye kioo kimoja. Wangu watatu wanacheza na baba yao, na baba yao ndiye anayeshika mkia kila siku.

#4 Dogo_Bweyo
Mama Kadi heshima yako, ila Switch ni ya chekechea, na imetoka 2017. Kijana wa S.3 akawaambie wenzake kwao wana Mario? Halafu onyo la bure kwa mzee: usinunue CD za Dubai, haziingiliani na mashine za huku.

#5 Fundi_Wandegeya
Dogo, hapo kwenye CD unapotosha watu. Zinazofungwa kwa kanda za dunia ni filamu za DVD na Blu-ray. CD ya gemu ya PS4 au PS5, na hata kaseti ya Switch, inacheza popote, iwe imetoka Dubai, London au Japani. Kinachosumbua ni nyongeza za kununua mtandaoni. CD ikiwa ya Dubai na akaunti umeifungua ya Afrika Kusini, nyongeza uliyolipia inaweza kukataa kuitambua hiyo CD.

Sasa mzee wa Arua. Mimi nafungua hizi mashine kila siku, sina upenzi na yoyote. Kabla ya picha, anza na umeme. PS5 ikiwa kwenye gemu nzito inakula karibu watti 200. Saa tano tu, yuniti moja ya Yaka (umeme wa kulipia kabla) imekwenda. PS4 Slim na Xbox Series S ziko chini ya watti 100. Switch hata ikichomekwa kwenye TV haifiki 20. Na hapo TV yenyewe sijaihesabu. Watoto wa likizo wanaweza kucheza saa sita kwa siku, kwa hiyo utaiona tofauti kwenye mita kabla hujaiona kwenye picha.

Kwa pesa yako PS5 ya boksi isahau. Tafuta PS4 Slim ya mtumba yenye pedi mbili, chenji ununue stabilaiza ya kutuliza umeme.

#6 MtuWaBombo
"Sina upenzi na yoyote", kisha anataja ile inayojaa mezani kwake.

#7 Fundi_Wandegeya
Siuzi, natengeneza. Nakula zikiharibika.

#8 MtuWaBombo
Basi ndiyo hiyo hiyo, umezidi kujimaliza.

#9 Kilindini88
Nawasalimu kutoka Mombasa. Kuna mtu mmefanya kama hayupo: Xbox Series S. Ni ndogo, inaingia hata kwenye mkoba wa shule, ni ya kizazi kimoja na PS5, zote Novemba 2020, na bei yake ni nafuu. Unalipia Game Pass kwa mwezi unapata mamia ya gemu. Kwa familia naona hakuna hesabu nyingine.

#10 Mwalimu_Tororo
Kilindini, Series S haina tundu la CD. Kila kitu kinashuka kwa intaneti. Gemu moja ya mpira ni makumi ya GB, nyingine zinapita 100. Mombasa huenda una faiba ya ukutani, mwenzako wa Arua ananunua bando. Na hizi Xbox za sasa ukizifungua mara ya kwanza zinadai intaneti kabla hazijakubali kuwaka kikamilifu. Hata hiyo Game Pass Ultimate, Marekani kwenyewe waliipandisha Oktoba 2025 hadi dola 29.99 kwa mwezi. Zidisha kwa shilingi yetu halafu uniambie.

Tundu la CD kwetu ni pesa, si mapambo. CD ukishaichoka unaiuza, unabadilishana na jirani, unaazima. Ulichopakua kinakufa na akaunti yako. PS5 Pro ya 2024 nayo haina tundu, na PS5 ya kidijitali pia. Hizi nyembamba za 2023 unaweza kuzipachika kisoma CD baadaye, ila siku ya kukipachika lazima uwe na intaneti.

#11 Dogo_Bweyo
Mwalimu, PS si unafungua akaunti tu ya Uganda?

#12 Mwalimu_Tororo
Uganda haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network (PSN). Wote mnaoona wako mtandaoni wamejiandikisha kama watu wa Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Mwaka 2024 gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta ilipotaka kulazimisha akaunti ya PSN, iliondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170, na sisi tukiwemo. Kucheza nyumbani kwa CD hakuna wa kukuuliza. Unataka kununua mtandaoni ndipo unapoanza kutafuta kadi za zawadi za nchi ya watu.

#13 DadaKasese
Ngoja na mimi nitoe yangu. Niliuziwa PS4 "iliyoflashiwa", yaani imevunjwa kufuli icheze gemu za wizi, gemu thelathini ndani, nikajiona nimeokota dhahabu. Muuzaji kaniambia neno moja tu, usiiunganishe na intaneti. Mwanangu kaiunganisha na simu ya mjomba wake siku ya Krismasi. Mashine ikajipa programu mpya, na gemu zote thelathini zikakataa kufunguka. Nimerudi kwa muuzaji, kahamia duka lingine. Sasa nina PS4 na CD mbili za mpira.

#14 Fundi_Wandegeya
Dada pole. Hilo naletewa kila Januari. Mzee akienda kununua ya mtumba aombe iwashwe, aone toleo la programu, aingize CD mbele ya macho yake, na aache gemu itembee nusu saa. Ikianza kunguruma kama boda ya kupanda mlima, aiache hapo. Analogi za pedi zote, vile vijiti vya kidole gumba, azizungushe kila upande. Zile PS4 za mwanzo kabisa, za 2013, ziachie wenye moyo.

#15 Afande_Mstaafu
Mimi ni mtu wa zamani. Mpwa wangu aliyeko Boston alituletea Wii, mashine ya gemu ya zamani ya Nintendo. Tukachinja, majirani wakaja kuitazama. Nikachomeka. Ilitoa sauti ya "pa!", kisha moshi, kisha harufu. Watoto walilia, mimi nikasema imechoka na safari. Nawashauri msipokee kitu cha Marekani.

#16 BabaWanne_Arua
Afande umenitisha. Shemeji yangu aliyeko Texas ndiye aliyesema angeweza kunitumia Switch na mtu anayekuja mwezi huu.

#17 Fundi_Wandegeya
Pokea bila wasiwasi. Wii ya Marekani adapta yake ilikuwa ya volti 120 tu, umeme wetu ni 240, kwa hiyo Afande aliichoma mwenyewe. Adapta ya Switch imeandikwa 100 hadi 240, na PS5 ni hivyo hivyo. Utahitaji kichwa cha pini tatu tu. Sheria ya fundi: soma maandishi madogo kwenye adapta kabla ya kualika majirani.

#18 Afande_Mstaafu
Nimesoma. Miaka yote hii nimemlaumu mpwa.

#19 MamaKadi_Jinja
Hahaa, Afande mpigie leo.

Mzee, hiyo Switch ya Texas ni rehema. Umeme ukikatika unaichomoa, watoto wanaendelea mkononi. Zile zilizotoka kuanzia 2019 zinafika saa nne na nusu mpaka tisa kutegemea gemu. PS umeme ukikatika katikati ya fainali, unasikia kilio mpaka kwa jirani. Ila mwambie shemeji asilete Switch Lite. Hiyo haiungi TV na pedi zake hazichomoki, ni ya mtu mmoja.

#20 Dogo_Bweyo
Mama Kadi umeficha kitu. Analogi za Joy-Con zinajiendea zenyewe. Kule ng'ambo kampuni inatengeneza, huku utampelekea nani? Bora Switch 2, imetoka Juni 2025, ile analogi zake ni za sumaku haziharibiki.

#21 Fundi_Wandegeya
La kwanza ni kweli kabisa, nina ndoo ya Joy-Con hapa. La pili umechanganya. Sumaku ya Switch 2 ni ya kubandika pedi kwenye mwili wa mashine. Analogi zenyewe ni za aina ile ile ya kusuguana. Halafu angalieni boksi za gemu za Switch 2, baadhi kaseti yake ni ufunguo tu, gemu yenyewe lazima uipakue. Tunarudi kwenye bando la mwalimu.

#22 BabaWanne_Arua
Nashukuru wote, kichwa kinazunguka ila kizuri. Kuna jirani ananiuzia PS4 Slim laki saba na nusu, pedi mbili. Lakini kila ninayemuuliza hapa mjini ananiambia PS4 haimalizi mwaka. Kwa nini? Kosa ni la mashine au letu?

#23 Fundi_Wandegeya
Ni umeme. Tena si kukatika, ni kurudi. Ukirudi unakuja na kishindo, friji zote za mtaa zinaamka pamoja. Mtoto kaacha mashine ikiwa imechomekwa, pawasaplai, kile kifaa cha ndani cha kupokea umeme, inakula kile kishindo. Chomoa ukutani umeme ukikatika, ngoja dakika tano. Stabilaiza au kile kilinzi cha friji kinasaidia.

#24 DadaKasese
Huku kwetu ni vumbi. Yangu ilifunguliwa ikatoka kitu kama blanketi. Ardhi ya Arua nayo nyekundu, feni inavuta yote.

#25 MtuWaBombo
Mende, jamani. Mende wanapenda PS4 kuliko watoto. Ndani kuna joto, giza, na hakuna mtu wa kuwasumbua. Wanajenga kwenye pawasaplai, mmoja anagusa pasipoguswa, shoti. Mimi yangu ilipofunguliwa fundi alirudi nyuma hatua mbili.

#26 Fundi_Wandegeya
Hilo nalithibitisha. Wapo mafundi wanaotoza zaidi wakikuta mende.

#27 Afande_Mstaafu
Mmesahau kitambaa. Mke wangu kila kitu cha umeme anakivika kitambaa cha kufuma. Redio, dekoda, friji. Mashine ya gemu ikivikwa itapumua wapi?

#28 Mwalimu_Tororo
Afande kapatia kuliko wote, ingawa mimi naongeza inveta za bei rahisi. Watu wa sola wanachomeka PS kwenye inveta inayotoa umeme wa mawimbi yaliyochongoka badala ya laini, pawasaplai inanung'unika mwaka mzima kisha inakata kauli.

#29 Dogo_Bweyo
Na PS5 msizisimamishe wima. Ndani kuna metali ya maji ya kupooza prosesa, ikisimama inateremka.

#30 Fundi_Wandegeya
Metali ya maji ipo kweli. Kuteremka kwa kusimama tu ndiko mafundi tunakobishana mpaka leo. Nilizoziona mimi zilikuwa zimeanguka kwanza au zimefunguliwa na mtu asiyejua. Mwenzangu wa kibanda cha pili anaapa ni wima. Hatusalimiani vizuri.

#31 Mwalimu_Tororo
Kuna hesabu hamjaigusa. Watoto watatu wako bweni. Likizo ya muhula wa kwanza ni wiki tatu hivi, ya pili hivyo hivyo, na ile kubwa ya mwisho wa mwaka ni kama miezi miwili. Mashine itafanya kazi wiki kumi na tano kwa mwaka, nyingine zote imelala. Kutoa milioni mbili kwa kitu cha wiki kumi na tano? PS4 ya laki saba inatosha kabisa. Gemu ya mpira ya FC 26 iliyotoka Septemba 2025 bado ina toleo la PS4, na ile nyingine ya mpira, eFootball, ni ya bure tangu 2021.

#32 MamaKadi_Jinja
Wiki thelathini na saba zilizobaki atacheza mzee mwenyewe. Namjua mwanaume.

#33 Kilindini88
Ukweli mtupu.

#34 DadaKasese
Mzee, jambo la pesa. Hizi gemu za mpira zina pakiti za wachezaji, mtoto ananunua pakiti kwa pesa halisi bila kujua atatoka mchezaji gani. Kwangu mimi hiyo ni kubeti iliyovaa jezi. Usiweke kadi yako kwenye akaunti, na namba ya siri ya mobile money wasiijue.

#35 Dogo_Bweyo
Dada siyo kubeti, ni kukusanya timu.

#36 DadaKasese
Umeshatumia shilingi ngapi kukusanya?

#37 Dogo_Bweyo
Tuendelee na mada.

#38 MamaKadi_Jinja
Switch ina programu ya mzazi kwenye simu. Napanga saa mbili kwa siku, zikiisha inatoa onyo au inajizima, nachagua mimi. PS nayo ina mipaka ya mzazi, ila kaa uipange wewe kabla ya boksi kufika kwa kijana. Pia angalia namba ya umri kwenye boksi: 3, 7, 12, 16, 18. Mpira ni 3. GTA V ni 18, na najua S.3 ataileta kwa rafiki ndani ya begi.

#39 MtuWaBombo
Mnamshauri kana kwamba watacheza watoto wanne. Siku ya pili sebule ina watoto kumi na wanne, viatu mlangoni kama msikitini. Mzee, tangaza mia tano kwa mechi, laki yako irudi. Kuku pia.

#40 BabaWanne_Arua
Wewe wa Bombo una akili ya biashara. Jamani nimeelekea kwenye PS4 ya jirani. Nimeiona, haingurumi, analogi ziko sawa, nimetazama na mende kwa tochi. Shemeji wa Texas nimemwambia asubiri. Kesho natuma pesa.

#41 Fundi_Wandegeya
Vizuri. Mzee, kabla hujatuma: hiyo TV ya inchi 21, ni bapa au ina chogo?

#42 BabaWanne_Arua
Ina chogo. Imara sana, ya tangu harusi. Kwani?

#43 Dogo_Bweyo
Hahahahaaaa uzi mzima!

#44 Fundi_Wandegeya
Mzee, PS4 inatoa picha kwa HDMI tu. TV yako bila shaka ina yale matundu matatu, nyekundu, nyeupe, njano, unapochomeka dekoda. Kuna kiboksi cha kugeuza HDMI kwenda huko, kinauzwa madukani na si ghali. Picha itatokea. Lakini maandishi ya gemu za leo yameandikwa kwa TV bapa, kwenye chogo utaona utitiri wa chungu. Dakika za mechi hutazisoma, na jina la mchezaji utalikisia.

#45 Mwalimu_Tororo
Fundi, mbona tumefika posti ya arobaini na moja ndipo unauliza?

#46 Fundi_Wandegeya
Mwalimu na wewe hukuuliza.

#47 MamaKadi_Jinja
Switch ina kioo chake. Sisemi kitu, nimesema tu.

#48 Kilindini88
Kioo cha inchi sita kwa watoto wanne Mama Kadi? Watagongana vichwa. Auze chogo, anunue bapa ya inchi 32 pamoja na hiyo PS4, bado yuko ndani ya milioni moja na laki saba.

#49 Afande_Mstaafu
TV ya harusi haiuzwi.

#50 BabaWanne_Arua
Wakubwa, mama yao amechukua simu na kusoma uzi wote tangu juu, mpaka kuku. Anawasalimu. Anauliza hiyo bapa ya inchi 32 inauzwa wapi, na kama ipo ya 43.